Maji ya Mchicha

11 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, maana najua ungeniandikia. Huku tunasukuma siku. Goti la kushoto linaendelea kunitabiria mvua, na mara nyingi linashinda redio. Choo kipya kimekwisha, kiko upande wa juu wa kisima, kwa hiyo ukija safari hii hutahitaji kuzunguka nyuma ya ukuta na mwavuli wako kama balozi.

Bustani sijapata kuiona hivi. Ile mbolea ya chumvichumvi uliyoniambia nisiionee choyo, sikuionea. Mchicha una majani kama sahani, kijani mpaka unakaribia weusi. Shule ya bweni inachukua matenga matatu kila Jumatatu na Alhamisi, na mpishi wao ananiita Bi Mchicha mbele za watu. Nimekataa mara mbili, ya tatu nikaitika.

Mjukuu wetu Kipusa anatimiza miezi mitatu wiki ijayo. Baba yake alirudi migodini baada ya mazishi, anatuma salamu. Mtoto ana macho ya marehemu mama yake, yale ya kukutazama kana kwamba umesema uongo. Anakunywa maziwa ya kopo kama nesi alivyoelekeza. Maji ya kisima nayachemsha mara mbili, mpaka yanabaki nusu sufuria, usafi sichezi nao. Na kila siku namnywesha maji ya mchicha. Binti yangu alinifia kwa kuishiwa damu akimzaa. Huyu sitaki apungukiwe hata tone. Nachemsha sufuria asubuhi, anakunywa kidogo kidogo mpaka jioni.

Midomo yake ina rangi siku hizi, zambarau hivi, hasa akishamaliza chupa. Nadhani ni baridi. Nimemfumia kofia.

Ile chupa ya maji ya kisima uliyoondoka nayo baada ya mazishi, ulishaipima? Wala sina haraka. Maji ni matamu kama siku zote.

Dada yako

*

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Barua yako ilinikuta safarini, wiki mbili nzima na gari la maabara, tunapima visima mpaka vidole vimekunjamana. Wifi yako anakusalimu. Anasema kofia nyingine ufume ya kwake, na isiwe ya kijani. Hongera ya choo. Hongera ya Bi Mchicha.

Nieleze vizuri hiyo rangi ya midomo. Ni midomo peke yake au na kucha? Ukimpakata mlangoni kwenye mwanga, ngozi ikoje? Akilia, inazidi? Anapumua kwa shida au anapumua sawasawa? Ananyonya kwa nguvu kama mwanzo? Mpeleke zahanati wamwone, hata kama unadhani ni baridi.

Chupa ipo. Maabara ina foleni, unajua kazi zetu.

Nijibu upesi. Usingoje mpaka habari ziwe nyingi za kujaza karatasi.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo wote. Sisi wazima. Upepo ulipeperusha bati moja la jikoni likaenda kutua kwa jirani, tumelirudisha. Mpishi wa shule ameoa, hatukutegemea, na mke anamzidi urefu. Mbuzi wa watu waliingia bustanini wakala tuta zima la pembeni, lakini kwa mbolea ile mchicha umeshachipua tena, ungedhani haukuguswa.

Uliuliza habari za mtoto. Nilimpeleka zahanati. Mganga alimsikiliza kifua, akasema ni moyo, watoto wengine huzaliwa na tundu. Akaniandikia karatasi ya hospitali kubwa. Nimeiweka kwenye kabati. Hospitali kubwa ndiko nilikompeleka mama yake, na unajua nilirudi na nini.

Si midomo tu. Kucha ziko kana kwamba kazichovya kwenye wino. Ngozi imekuwa ya kijivu, rangi ya jivu lililolowa. Hapumui kwa shida, ndicho kinachonishangaza, anapumua vizuri tu, lakini amekuwa mpole mno. Zamani alikuwa akinipigia kelele chupa ikichelewa. Sasa ananitazama tu. Walipomtoa damu kidogo kidoleni ilitoka rangi ya kahawa. Nesi akasema labda kidole hakikufutwa vizuri.

Nimeongeza maji ya mchicha, sasa ni kikombe kizima kwa siku. Na maji ya maziwa nayachemsha mara tatu.

Naogopa, mdogo wangu. Nikimlaza naweka kiganja kifuani kwake nahesabu, na nikipotea hesabu naanza upya.

Dada yako

*

Simu ya maandishi, 28 Machi

MTOTO ASIPEWE MAJI YA KISIMA WALA MCHICHA. KUCHEMSHA HAKUSAIDII. MPELEKE HOSPITALI KUBWA LEO. DAKTARI AONE SIMU HII. DAMU YA KAHAWA SI MOYO NI NITRETI. MDOGO WAKO

*

28 Machi

Dada,

Simu nimeituma asubuhi hii. Barua hii inaifuata kwa miguu. Ukiisoma kabla hujampeleka mtoto, iache hapo mezani utoke.

Barua yako imefika leo saa tatu. Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshapima maji yako. Sijamaliza hata kufunga vifuniko. Kipimo kimepita mara sita ya kile tunachoruhusu kwa watu kunywa. Maji yaliyokaa muda hayapimwi kwa uhakika, najua, lakini hata nikikosea nusu nzima, bado.

Nakueleza kwa maneno yetu. Mbolea ya chumvichumvi ikilowa ardhini inageuka kuwa kitu kinachoitwa nitreti. Mmea unakinyonya, ndicho kinachoukuza. Ukitia kuliko mahitaji yake, kinajaa kwenye majani na vikonyo, na kinachobaki kinashuka na mvua mpaka kisimani. Choo nacho kinaongeza. Hakina rangi, harufu wala ladha. Mimi na wewe tukikinywa mwili unakimudu. Tumbo la mtoto mchanga halina ukali wa kutosha, vijidudu vinakigeuza kuwa kitu kibaya zaidi, na hicho kikiingia kwenye damu, damu inasahau kazi yake ya kubeba hewa. Ndiyo maana anapumua vizuri na bado anageuka jivu. Hewa inaingia kifuani, haifiki kokote.

Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi nitreti. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea. Na mchicha ukiuchemsha unaiachia kwenye maji yale yale unayomnywesha. Sufuria ikishinda kwenye joto, inaanza kuharibika kabla hata mtoto hajaimeza.

Hukufanya kwa ubaya. Hilo naliandika mapema ili usilitafute mwishoni.

Sasa nijibu swali moja. Nani wengine wanachota hapo kisimani, na je, kuna mtoto mchanga mwingine?

Mdogo wako

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Yuko hai.

Simu yako ilifika tarehe thelathini na moja. Posta waliikalia mwisho wa wiki kwa sababu tarishi wao mwenye baiskeli alikuwa msibani. Niliisoma nimesimama bustanini na ndoo ya maji mkononi, na nitakwambia ukweli, nilikasirika. Nikasema, mtoto wa juzi nimemfuta kamasi mimi, leo ananifundisha kulea. Mchicha wangu umekuwa sumu? Shule nzima inakula! Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa aproni, nikaingia ndani kumpa Kipusa chupa yake.

Hakuifungua midomo. Nikaigusa na chuchu ya chupa, kimya. Nikamwinua, kichwa kikaanguka nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Macho yalikuwa wazi. Sijui nilivaaje viatu. Nilisimama katikati ya barabara nikazuia lori la saruji kwa mwili wangu, na dereva alipotoa kichwa kunitukana akamwona mtoto, akafungua mlango.

Hospitali kubwa tulipokewa na daktari wa kike, mdogo, ungedhani bado yuko masomoni. Nikaanza kumweleza habari za moyo. Kisha nikakumbuka aproni.

Akaisoma simu mara mbili. "Nani kaandika hii?"

"Mdogo wangu. Anapima maji."

"Mama, mtoto anakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Nayachemsha mara tatu, daktari. Mara tatu."

Akamtoboa Kipusa kisigino, tone akaliweka kwenye karatasi nyeupe. Akajichoma kidole chake mwenyewe, tone lake akaliweka kando. Akayapepea matone yote mawili kwa karatasi nyingine. Lake likawa jekundu la kung'aa. La Kipusa likabaki kahawa. Nililitazama tone lile nikiliomba libadilike, likagoma.

Kisha wakaleta dawa, mdogo wangu, ya bluu! Bluu ya wino wa shule, kwenye sindano. Nikamshika daktari mkono, nikamwambia huyu ni bluu tayari, unamwongezea ya nini? Akasema, "Mama, niachie mkono. Tafadhali. Kila dakika ina kazi yake." Nesi mmoja akanitoa nje kwa kunikumbatia, na nguvu alizokuwa nazo hazikuwa za kubembeleza.

Nilikaa kwenye benchi. Benchi lile lile. Sikuomba, sikulia, nilikuwa nasikiliza tu kama kuna mtu atakimbia ndani, maana kwa binti yangu walikimbia. Haikupita saa nikasikia kilio. Kilio cha hasira, cha mtu aliyecheleweshewa chupa. Nilipoingia alikuwa na rangi ya binadamu. Mchana huo alikojoa kijani kibichi, nepi nzima, manesi wakacheka, na mimi nikacheka mpaka nikakaa sakafuni.

Tumerudi nyumbani tangu Jumamosi. Maji nayachota kwenye bomba la shule.

Sasa na mimi nina swali. Binti yangu tulimzika Novemba. Chupa uliibeba Novemba. Umeipima Machi, kwa nusu saa. Miezi ile yote ilikuwa wapi?

Dada yako

*

21 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Wifi yako alinikuta hivyo akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, na ndipo nikalia.

Chupa ilikuwa dirishani ofisini kwangu, nyuma ya feni. Niliiweka hapo siku niliyorudi. Ilikuwa ya maji ya nyumbani, haikuwa na fomu wala namba, hakuna aliyenidai, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa ya kesho. Baadaye nikawa naifutia vumbi.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito zaidi. Barua yako ya Februari iliposema midomo ya zambarau, nilishtuka siku ile ile. Nilijua kinaweza kuwa nini. Ni kazi yangu, Dada, mimi ndiye ninayewafundisha wengine. Lakini kukwambia acha mchicha ilikuwa ni kukwambia mbolea ile nilikushauri mimi, na kwamba chupa sijaigusa. Nikakuandikia maswali badala ya jibu. Nilijiambia nahitaji uhakika. Kati ya maswali yangu na simu ile kuna siku ishirini na nne, na Kipusa alizinywa zote.

Nimemweleza mkuu wangu wa kazi hayo yote. Hakunifukuza, lakini hanitumi tena peke yangu.

Mchicha usiung'oe. Watoto wa shule hautawadhuru, mboga za majani ni chakula chema kwa mtu aliyekwisha kukua. Punguza mbolea iwe robo, na usitie kabisa wiki mbili kabla ya kuvuna. Vuna mchana jua likiwa limewaka, siyo alfajiri. Tupa maji ya kuchemshia. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe kabisa, hata akiwa mkubwa asipewe kiporo.

Na kisima kifunge. Nilikuuliza swali, hukunijibu. Nakuuliza tena kwa sababu ukimya wako nimeuzoea tangu utoto na naujua unavyofanana. Kuna mtoto mwingine?

Mdogo wako

*

6 Mei

Mdogo wangu,

Bustani nzima. Kipusa ameota jino mapema na amelijaribu kwenye kidole changu. Kisima nimekifunga, na bomba la shule lina foleni ndefu.

Ndiyo.

Mke wa fundi baiskeli, nyumba ya ukuta kwa ukuta. Ulimwona msibani, yule mwembamba aliyekuwa anagawa chai akiwa na mimba kubwa. Alijifungua Desemba, mtoto wa kiume. Maziwa hayakumtoka ya kutosha, akaja kuniuliza, mimi mwenye uzoefu. Nikamwonyesha kopo na vipimo. Nikamwambia achote kisimani kwangu, asihangaike. Na mchicha nilimkatia mwenyewe, nikamfungia kwa kamba ya mgomba, nikamwambia ampe maji yake, yanaongeza damu.

Mtoto alikufa Januari, hajamaliza wiki sita. Alimwamsha asubuhi hakuamka. Niliitwa mimi kumwosha. Alikuwa na rangi ile. Nilizitazama zile kucha, nikajua nimeona kitu, nikaenda nyumbani nikachemsha sufuria ya Kipusa.

Hilo silo baya kuliko yote. Baya ni kwamba mama mkwe wake alisema kamlalia mtoto. Alilisema kwenye matanga, likatembea mtaa mzima. Mume hamsemeshi. Wanawake bombani wanamwachia nafasi mbele ili asisimame karibu nao. Na yeye mwenyewe ameamini, ananiambia, "Dada mkubwa, mimi usingizi wangu mzito, tangu nikiwa mdogo." Ananiambia mimi! Na mimi namshika mkono.

Siwezi kumwambia. Fundi ana nyundo na ana hasira. Mtaa wote unakula kwangu. Wakisema nimeua, Kipusa atalelewa na nani? Usiku na mchana nasikia mtu akibisha hata pasipobishwa. Anayejua ni wewe peke yako. Ichome barua hii.

Dada yako

*

18 Mei

Dada,

Sikuichoma. Usikasirike.

Kama mtaalamu nakwambia hivi: hakuna awezaye kuthibitisha sasa. Mtoto amezikwa, damu haikupimwa. Inawezekana ilikuwa nitreti, inawezekana ilikuwa homa, au moyo kweli. Ukitaka kujificha nyuma ya hilo, mahali papo, nimekuwa nimejificha hapo mwenyewe na napajua. Hapana raha.

Nimeomba ruhusa nije tukamwambie pamoja. Wamenipa tarehe kumi Juni. Nisubiri. Mimi ndiye niliyekwambia mbolea usiionee choyo, na mimi ndiye niliyeikalia chupa wakati mtoto yule bado tumboni kwa mama yake. Fundi akitaka mtu wa kumpiga, nitakuwepo.

Nisubiri, Dada.

Mdogo wako

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Sikukusubiri.

Jumanne nilimwona mke wa fundi bombani. Mwanamke mmoja mjamzito alisogeza ndoo yake mwenzake alipopita, akalifunika tumbo kwa mkono. Yeye akaangalia chini kama anayekubali. Nikashindwa kuchota. Nilirudi nyumbani na ndoo tupu, nikamfunga Kipusa mgongoni, nikaenda.

Fundi alikuwa uani amelala chini ya baiskeli, mama mkwe anachambua mchele kwenye ungo. Mke anafua. Nilichuchumaa kando ya beseni, magoti yakalia yote mawili. Nilianza na kisima, nikaenda kwenye mbolea, nikaenda kwenye mchicha niliomfungia kwa mikono yangu, nikamwambia kilichompata Kipusa na damu ya kahawa. Nikamwambia uliyoniandikia, kwamba hakuna wa kuthibitisha. Nikamwambia nilizitazama kucha za mwanawe nilipomwosha, nikanyamaza tangu Januari.

Aliacha kufua. Mikono ilibaki ndani ya maji. Nilijua sasa atapiga yowe, na nilikuwa tayari kwa yowe, hata kwa nyundo.

Akasema polepole, "Kwa hiyo sikumlalia."

Hakuniuliza. Alisema tu, kama anayejaribu nguo. Kisha akasema tena, "Sikumlalia."

Akasimama, povu linamchuruzika mpaka viwiko, akamwita mumewe. Mimi sijawahi kusikia sauti ile kwake. "Toka hapo chini. Njoo hapa. Na wewe, mama, weka ungo." Akanigeukia. "Rudia."

Nikarudia. Kipusa mgongoni akaanza kulia. Mama mkwe akasema tangu lini mchicha unaua, na mke akamkata, "Bado hajamaliza." Nilipomaliza akasema, "Sauti kubwa zaidi. Wa ng'ambo ya uzio wasikie." Nikarudia mara ya tatu. Watu walikuwa wamesimama kwenye uzio, nikawaona vichwa, na yule mjamzito wa bombani pia. Nikawaambia kisima changu kimefungwa na sababu yake, na wenye watoto wachanga nikawataja mmoja mmoja.

Fundi hakugusa nyundo. Alijifuta grisi kwenye kaptula, akaitazama mikono yake, akamtazama mkewe. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye matope ya sabuni, akalishika pindo la kanga ya mkewe. Mke hakulivuta. Hakumshika kichwa pia. Alisimama tu, anatazama mbele, machozi yanashuka na uso hausogei.

Nilingoja kidogo kama kuna mtu ana neno na mimi. Nikamkaza Kipusa mgongoni nikatoka, na hakuna aliyenisindikiza hata mpaka mlangoni.

Njoo tarehe kumi kama ulivyosema. Naogopa bado.

Dada yako